Saa Kumi na Moja

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi, Mwena.
Gunia lenye mchanga nalijua kwa kishindo
likitua juu ya chuma. Korosho hazilii vile.
Saa kumi na moja jioni nafunga.
Aliyechelewa na alale barazani,
alikumbatie gunia lake kama mke.

Mjomba Oswini aliiba salfa ya chama,
mifuko kumi na minane, mwaka ule ubwiriunga
ulipokausha maua, mashamba yakawa
kama yamemwagiwa majivu ya jikoni.
Akaiuza Nanyumbu kwa bei ya kutupa.
Baba alivuna debe moja na nusu.
Mimi nikarudisha sare ya shule kwa mwenyewe,
kidato cha pili, muhula wa mwisho.

Notburga, mama yangu, dada yake huyo Oswini,
amefagia kigango tangu paa likiwa la nyasi.
Kila Jumamosi. Na mimba yangu, alifagia.
Na homa, alifagia.
Ufagio wake hauazimwi,
na kadi yake ya zaka haina mwezi ulioruka.

Basi Oswini akalazwa Ndanda. Ini limekwisha,
macho ya njano kama bibo.
Sista akamwita padre.
Waliosikia kilichosemwa ni watatu,
na mmoja wao ni Mungu.
Jumatano akapakwa mafuta. Alhamisi hakuamka.

Makaburini padre akasema huyu ameokoka,
kwa neema, si kwa mkono wake.
Akakumbusha vibarua walioitwa jioni
wakalipwa sawa na walioungua tangu asubuhi.
Saa kumi na moja, akasema, waliitwa saa kumi na moja.
Nikatazama saa yangu. Mkono ulijiinua wenyewe.

Mama hakuitika amina.
Njiani alijikaza kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana,
akaniuliza: "Kwa hiyo mimi nimefagia nini?"
"Vumbi, mama."
Hakucheka. Na mimi sikuwa natania.

Usiku nikahesabu. Ndiyo kazi yangu.
Jumamosi za mama upande huu,
upande ule pumzi tatu za mlevi.
Haikusawazika.
Nikakumbuka kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza,
mshale lazima usimame kwenye sifuri,
na hakuna gunia, liwe zito vipi,
lililowahi kuinunua mizani.
Nikaona nimefika mahali.
Halafu nikasema kwa sauti, gizani:
Mungu amesamehe, sawa.
Lakini salfa ilikuwa yetu.

Hilo bado linanikwama. Sitalimeza ili shairi liishe vizuri.

Jumamosi, kabla jogoo hajajua,
nikasikia ufagio. Si upande wa kanisa.
Mama alikuwa kaburini kwa Oswini,
anafagia kwa hasira, udongo mbichi unaruka,
kama anampiga, kama anamtandikia.
Sikumuuliza ni lipi.
Kisha akavuka barabara, akafagia kigango pia,
chini ya mabenchi, pale ambapo hapaonekani.
"Sasa unafagia kwa nini?"
"Kuchafu," akasema.

Jioni ile ile nimeshika kufuli mkononi,
kijana anasukuma baiskeli, jasho mpaka magotini.
Egino. Mtoto wa Oswini.
Saa kumi na moja na dakika ishirini.
Hakuniamkia. Aliangalia kufuli tu.

Nikasema, shusha.

Gunia likatua juu ya chuma,
nikausikia ule mlio, mchanga,
konzi mbili, labda tatu. Damu haipotei.
Naye alijua kwamba nimesikia.

Nikamtupia turubai.
"Mwaga hapo. Chambua moja moja."
"Na mizani?"
Nikavuta kigoda, nikawasha taa.
"Iko wazi. Chambua."